SSH inadai nywila ilhali ufunguo umeshawekwa

mlinzi_seva: Wakuu, naomba msaada. Mashine ya Debian 12 inatakiwa iingie kwa SSH (njia salama ya kuingia seva kwa mbali) kwenye seva ya Rocky Linux 9 bila nywila, rsync ya usiku (ya kunakili faili) ijiendeshe. Ufunguo ni wa aina ya ed25519, umepelekwa kwa `ssh-copy-id`. Mtumiaji ni nakala, na nyumbani kwake si /home, ni /data/nakala. `ssh -v` inaonyesha ufunguo unatolewa, kisha seva inadai nywila tu. Folda ya .ssh ni 700, authorized_keys ni 600.

Kamba_Ngumu: Hizo mbili hazitoshi, mkuu. sshd (programu ya SSH upande wa seva) hukagua mpaka folda ya nyumbani. Kundi likiwa na ruhusa ya kuiandika (775), ufunguo unakataliwa. Tuwekee `namei -l /data/nakala/.ssh/authorized_keys`. Na usijichoshe na `ssh -vvv` (maelezo marefu zaidi) huko Debian: mteja haambiwi kwa nini amekataliwa. Soma /var/log/secure kwenye seva.

mlinzi_seva: /data ni ya root (msimamizi mkuu), 755. /data/nakala ni 755, na kuanzia hapo mmiliki ni nakala. Kioja ni hiki: nikiwasha sshd nyingine kwa mkono, `/usr/sbin/sshd -d -p 2222`, porti hiyo inaniingiza bila nywila!

BiKonsoli: Basi ni SELinux, ulinzi wa Linux unaoruhusu au kuzuia programu kwa kuangalia lebo za faili. Hiyo uliyoiwasha kwa mkono inarithi uhuru wa root wako. Ile inayowashwa na systemd (kiendesha huduma za seva) imefungwa kwenye ruhusa za sshd_t, na haina ruhusa ya kusoma faili zenye lebo default_t. Hakikisha:

`ausearch -m avc -c sshd -ts recent`
`ls -Zd /data/nakala/.ssh`

Ukiona default_t, ieleze SELinux kwamba /data ni kama /home:

`semanage fcontext -a -e /home /data`
`restorecon -Rvn /data`

Hiyo n inaonyesha tu, haibadilishi kitu. Soma orodha kwanza, maana kama kuna hifadhidata humo /data nayo itabandikwa lebo za nyumbani na huduma yake itagoma. Ukiridhika, rudia bila n. semanage ikikosekana, sakinisha policycoreutils-python-utils.

Kamba_Ngumu: Na asije mtu hapa na `setenforce 0` (kuilegeza SELinux isizuie kitu). Hiyo ni ya kupimia dakika mbili, si dawa.

mlinzi_seva: .ssh sasa ni ssh_home_t, inaingia bila kuuliza. Ahsanteni.

BiKonsoli: Kwenye cron (ratiba ya kazi za kujiendesha) tumia `rsync -e "ssh -o BatchMode=yes"`. Ufunguo ukikataliwa tena, kazi itakatika na kosa litaonekana, badala ya kuulizia nywila usiku wa manane.