Kutoka kwenye grupu la mtaa ni kujitenga na mtaa?

Wakuu, tujadili hili bila matusi.

Mwezi wa tano nilifuta Facebook na Instagram, nikatoka magrupu yote ya WhatsApp isipokuwa la familia. Tangu 2022 WhatsApp inakuruhusu kutoka kimya kimya, taarifa wanapata maadmini tu. Kwetu Uyole, Mbeya, hiyo haisaidii: maadmini wenyewe ndio tunaogombea nao fungu la viazi gengeni. Kufika jioni mtaa mzima unajua.

Juni tukafiwa jirani. Nikabeba kuni, nikakesha nje siku mbili na baridi ile mnayoijua, rambirambi elfu kumi nikamkabidhi mweka hazina mkononi. Wiki iliyofuata, kwenye kikao cha kufunga hesabu, mzee mmoja akasimama: "Kuna watu siku hizi misiba haiwahusu." Akanitazama. Kumbe orodha ya michango iko kwenye grupu, na jina langu halina tiki ya kijani. Tiki! Na koti langu hadi leo linanuka moshi.

Wanaonipinga nawaelewa. Ndugu walioko Dar na Tunduma wanachangia kupitia hilohilo grupu. Dogo anayeuza parachichi za Rungwe kwa status naye hawezi kunyamaza, kwake ukimya ni njaa. Hao sibishani nao.

Ninachokataa ni grupu kugeuzwa mlango pekee. Kikao cha wazazi nilikikosa kwa sababu tangazo liliishia kwenye simu. Zamani mtoto alirudi na barua, hata kama imelowa. Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa nchi nzima, wote mlikuwa kama mimi, habari tulipeana mlangoni. Halafu bibi zetu wenye simu za kitochi hawajawahi kuwemo humo hata siku moja, na sijasikia anayewaita wenye maringo. Mimi mwenye simu kubwa ndiye ninayeringa?

Nikamwomba mwenyekiti arudishe matangazo kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, ambao siku hizi una karatasi moja tu, ya mganga wa kienyeji. Akacheka. Akasema wazo zuri, niingie grupuni nilipendekeze.

Wa Iringa na Njombe, kwenu ikoje?