Mwanangu ana tetekuwanga, ndege ni Jumapili, na bima ya safari hatukukata

mama_wawili (Jumatano, saa 4:10 usiku)

Habari zenu wapendwa. Naandika vidole vikiwa bado na ile dawa nyeupe ya kupaka ngozi, kwa hiyo mnivumilie nikikosea herufi.

Leo asubuhi nilikuwa namchana nywele binti yangu, ana miaka 7, nikaona kipele nyuma ya sikio. Kimoja tu, chekundu, juu yake kama tone la maji. Nikadhani ni mbu. Kufika mchana tumbo lote limejaa, na mgongoni nilihesabu 22 kabla hajaniambia, "Mama basi, nawashwa." Daktari hakuchukua hata dakika mbili: tetekuwanga.

Jumapili alfajiri tulikuwa tunasafiri. Watu watano: mimi, mume wangu, huyu binti, kaka yake wa miaka 4, na mdogo wangu wa kike ambaye ana mimba ya wiki 24. Ni likizo yetu ya kwanza sote pamoja tangu mtoto wa pili azaliwe. Tumeiwekea akiba karibu miaka miwili, kila mwezi kidogo kidogo. Tiketi zote zimekatwa pamoja kwa namba moja, nauli ya chini kabisa, ile iliyoandikwa hairejeshwi. Hoteli tumelipa yote kupitia tovuti ya kuweka nafasi. Kuna na safari ya boti ya siku moja tuliyolipia pembeni.

Bima hatukukata. Siku ya kulipia, kile kisanduku kilikuwepo kwenye skrini, mume wangu akaniuliza, nikamjibu, "Tuache, hakuna anayeumwa." Maneno hayo yamenizunguka kichwani kutwa nzima.

Je, kuna chochote cha kuokoa hapa? Nianze na nani, shirika la ndege au hoteli? Naweza kukata bima usiku huu, maana siku tatu bado zipo? Au mume wangu aende na huyu wa miaka 4, mimi nibaki na mgonjwa? Begi la binti yangu limesimama mlangoni, amelipanga mwenyewe tangu wiki iliyopita, miwani ya kuogelea juu kabisa ili asiitafute. Ameniuliza mara tatu kama vipele vitakuwa vimeisha Jumamosi.

kaunta_ya_tatu (Jumatano, saa 5:02 usiku)

Pole sana dada, na mtoto apate nafuu. Nimefanya kazi ya tiketi miaka 11, kesi kama yako nimezishika nyingi, kwa hiyo nisikilize.

Usiku huu usibonyeze kitufe cha kufuta mtandaoni. Ukikibonyeza, umekubali masharti ya nauli yako kama yalivyo, na kesho ukipiga simu kuomba huruma wataona kwenye mfumo kwamba umefuta mwenyewe. Lakini pia, na hili nalisema kwa herufi kubwa, USIACHE NDEGE IONDOKE BILA KUTOA TAARIFA. Abiria asiyejitokeza hupoteza karibu kila kitu. Asipopanda kipande cha kwanza cha safari, mfumo unafuta na vipande vilivyobaki, hata vya kurudi. Nimewaona watu wakilia kaunta kwa sababu hiyo tu, wakati wangepiga simu siku moja kabla wangebaki na kitu mkononi.

Kesho asubuhi nenda kwa daktari uchukue barua. Cheti cha kusema "mgonjwa apumzike" hakitakusaidia. Barua iwe na tarehe aliyomwona mtoto, jina la ugonjwa, kwamba hafai kupanda ndege kuanzia tarehe fulani hadi fulani, na kwamba anahitaji mzazi wa kumuuguza. Hiyo sentensi ya mwisho watu huisahau, halafu shirika linamsaidia mtoto peke yake, mzazi anaambiwa tiketi yako haina tatizo. Saini na muhuri.

Ukiwa nayo ndipo upige simu. Usianze kwa kudai pesa. Omba kusogeza tarehe na kusamehewa faini ya mabadiliko kwa sababu ya ugonjwa wa kuambukiza. Pesa za nauli ya aina hiyo mhudumu hana uwezo wa kukurudishia hata akitaka, ila faini, mashirika mengi msimamizi wake anaweza kuiondoa. Tofauti ya nauli huenda mkailipa. Wa kwanza akikataa, mshukuru, kata, piga tena baadaye au omba msimamizi. Kila ahadi omba iandikwe kwenye kumbukumbu ya tiketi yako na utumiwe kwa barua pepe.

Mawili zaidi. Ndani ya bei mliyolipa kuna nauli na kuna kodi na tozo za uwanja. Nyingi katika tozo hizo hutozwa kwa abiria aliyepanda. Msiposafiri kabisa, ziombeni, hata kama nauli hairejeshwi. Mashirika mengine hukata ada ya kushughulikia, kwa hiyo uliza kwanza kama kitabaki kitu. Na la pili, angalia kama wao wenyewe wamewahi kubadilisha muda wa ndege tangu mkate tiketi. Wakifuta ndege wao, mambo yanageuka: Ulaya kanuni ya 2004 inampa abiria haki ya kuchagua kurejeshewa nauli yake ndani ya siku 7, na Marekani kanuni ya 2024 inahesabu hata mabadiliko ya saa 3 kwa ndege za ndani na saa 6 kwa za kimataifa. Pitia barua pepe zako zote za zamani leo.

Kuhusu bima, hapana. Bima haifidii jambo ambalo ulishalijua siku ya kuikata. Daktari ameshaandika leo, na ukificha wanakataa dai lote.

dirishani (Alhamisi, saa 12:20 asubuhi)

Mama, mimi ningeenda. Mvalishe mikono mirefu na suruali, mpake poda usoni, wahudumu wana abiria wengi wa kuangalia. Miaka miwili ya akiba si mchezo, na tetekuwanga kila mtoto anaipata.

nesi_wa_zamu (Alhamisi, saa 1:05 asubuhi)

Ndugu dirishani, naelewa unamwonea huruma mama huyu, lakini naomba asikufuate. Tetekuwanga inasafiri kwa hewa. Kwenye kiti cha nyuma anaweza kukaa mtu anayetibiwa saratani, au mama mwenye kichanga cha siku kumi. Kwa mtu mwenye kinga dhaifu, ugonjwa huu unaweza kufika mapafuni. Na wakimgundua mlangoni wanamshusha na haki ya kumshusha wanayo, kwa hiyo hata hiyo akiba haijaokoka.

Mtoto hawezi kuruka mpaka malengelenge YOTE yakauke na kufanya vigaga, kwa kawaida siku 5 hadi 7 tangu vipele vianze. Jumapili ni siku ya tano, na kwa kuwa vipya bado vinatoka, usiitegemee.

Sasa dada mama_wawili, mimi hapa sijali tiketi. Nimesoma kwamba mdogo wako ni mjamzito. Mtoto huanza kuambukiza siku 1 hadi 2 KABLA ya kipele cha kwanza. Je, mdogo wako amekutana na binti yako tangu Jumatatu?

Homa mpe parasetamo kwa kipimo cha umri wake. Aspirini usimpe kabisa, na ibuprofeni pia iache mpaka daktari aseme. Kata kucha.

mama_wawili (Alhamisi, saa 1:31 asubuhi)

Alikuja Jumatatu jioni. Alikaa saa tatu akinisaidia kupanga mabegi, na binti alikuwa amemlalia mapajani akimwambia mtoto wa tumboni habari za bahari.

Hakumbuki kama aliwahi kuugua. Mama yetu ameshafariki, hakuna wa kumuuliza.

nesi_wa_zamu (Alhamisi, saa 1:36 asubuhi)

Basi weka simu ya ndege chini, mpigie yeye. Awapigie kliniki yake leo hii asubuhi, awaambie: mimba wiki 24, nimekaa chumba kimoja na mgonjwa wa tetekuwanga Jumatatu, sijui kama nina kinga. Asiende kukaa foleni na wajawazito wengine, apige kwanza. Watampima damu kuona kama ana kinga. Akiwa nayo, na watu wazima wengi wanayo bila kujua, mambo yameisha. Akiwa hana, ipo dawa ya kumkinga, ila ina siku zake, ndiyo maana nakuharakisha.

Na nisome swali lako la mume kwenda na mtoto wa miaka 4. Huyo ameshaambukizwa au ataambukizwa, mnalala nyumba moja. Ugonjwa unakaa mwilini kimya siku 10 hadi 21. Akienda Jumapili huenda akawa mzima, lakini anaweza kutoa vipele katikati ya likizo, na ndege ya kurudi ikamkataa. Kwa sababu hiyo hiyo, shirika likikubali kusogeza tarehe, usikubali "wiki mbili zijazo" kwa furaha. Wiki mbili ndiyo siku hasa anapougua wa pili! Mimi ningeweka wiki sita. Mdogo wako atakuwa wiki 30: mashirika mengi yanaanza kudai barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, na mimba ya mtoto mmoja huzuiwa baada ya wiki ya 36. Hesabu na siku ya kurudi.

baba_yao (Alhamisi, saa 3:15 asubuhi)

Shem, pole. Mimi naongezea upande wa hoteli, maana mwaka juzi yalinikuta kwa kidole tumbo cha kijana wangu.

Usiongee na ile tovuti kwanza. Tovuti itakusomea masharti. Piga simu hoteli yenyewe, omba meneja wa nafasi, mtumie barua ya daktari akiwa bado kwenye simu. Mwombe abadilishe tarehe, kwa hoteli kubadilisha ni rahisi kuliko kurudisha. Akikubali, chukua jina lake, halafu ndipo uende kwenye tovuti useme fulani amekubali, wasilianeni naye. Tovuti nyingi haziwezi kusamehe bila idhini ya hoteli, na hoteli nyingi hazijui kama umeomba.

Pia angalieni mlilipa kwa kadi gani. Baadhi ya kadi za mkopo zina bima ya kuahirisha safari ndani yake, kwa sharti kwamba nauli ililipwa kwa kadi hiyo. Soma kijitabu chake chote. Sisi tuliikuta kwenye ukurasa wa mwisho, siku mbili kabla muda wa kudai haujaisha. Ila msijaribu kuiambia benki irudishe malipo kama vile mmedhulumiwa. Huduma ilikuwepo, ninyi ndio hamkuweza kwenda, na benki italiona hilo.

mama_wawili (Ijumaa, saa 3:40 usiku)

Wapendwa, narudi na majibu, na nesi nakuanza wewe. Mdogo wangu alipiga simu saa mbili kamili, walimpokea kwa mlango wa pembeni, majibu ya damu yametoka leo jioni: ana kinga. Aliugua akiwa mdogo na hakuna aliyebaki wa kumkumbusha. Alinipigia akilia, mimi nikalia, binti akatoka chumbani na madoadoa yake meupe kuuliza nani amekufa.

Shirika la ndege. Mhudumu wa kwanza alikataa katakata. Wa pili alinisikiliza mpaka mwisho, akasema barua imeandika mtoto na mzazi mmoja, basi faini inaondoka kwa hao wawili tu. Nikamsomea hesabu ya nesi: huyu wa miaka 4 ndani ya siku 21 atakuwa anaambukiza, mnamtaka ndani ya ndege? Kimya. Akaniweka kwenye ile simu ya muziki dakika 34, nilikuwa naziangalia kwenye skrini. Msimamizi alirudi akasema watoto wote na wazazi wote. Mdogo wangu, kwa kuwa ana kinga na ni mzima, amelipa faini yake. Kaunta_ya_tatu, walilazimika kumtenganisha kwenye namba ya tiketi ili hilo lifanyike, kazi ya dakika chache tu. Tofauti ya nauli ipo, si kubwa, maana wiki ya sita si msimu wa likizo. Watoto watakosa siku nne za shule, nimeshamwandikia mwalimu.

Hoteli, meneja amekubali kusogeza, ila usiku wa kwanza umekwenda. Tovuti ilisema haiwezekani mpaka nilipotaja jina lake. Boti imekwenda yote, masharti yao yalikuwa siku 7 kabla, na mimi nilipiga siku mbili kabla. Hiyo imeniuma, kwa sababu binti alikuwa anaisubiri kuliko ndege. Kadi yetu haina bima yoyote, mume wangu amesoma kijitabu mara mbili.

Bima ya safari mpya nimeikata leo hii, kabla sijafunga kompyuta. Nimeuliza kwa maandishi kuhusu huyu wa miaka 4 anayesubiri kuugua, wamejibu kwamba tetekuwanga yake haitafidiwa ila mengine yote yamo. Nimeridhika, ni haki yao.

mama_wawili (Ijumaa, wiki mbili baadaye)

Siku ya 16 leo. Namwosha uso huyu wa miaka 4, kimoja, kwenye kope ya kushoto. Saa tano hii ameshafika 9. Dada yake amempa ile chupa ya dawa yake iliyobaki, na anampaka yeye mwenyewe, doa kwa doa, akimhesabia kwa sauti.

nesi_wa_zamu (Ijumaa, saa 6:12 mchana)

Cha kwenye kope kiangaliwe kesho na daktari, usiache mpaka Jumatatu. Hao wa pili nyumbani mara nyingi hutoa vipele vingi zaidi, usishtuke. Mna wiki tatu na ushee mpaka ndege. Zinatosha.