Ruzuku za serikali kwa miradi ya jamii: zinatangazwa wapi, na kwa nini maombi yetu hayapiti?

Swali

Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni katibu wa kikundi cha watu 26 kilichosajiliwa miaka 3 iliyopita, na kazi yetu ni kutunza kisima kirefu chenye pampu ambacho sasa tunataka kukiunganisha kwa bomba na shule pamoja na zahanati. Mwanzoni tuliandika barua ya kurasa mbili ya kuomba msaada, tukaipeleka wenyewe kwa mkono mpaka wizarani, na hadi leo haijajibiwa. Mwaka uliopita tulipata fomu rasmi siku nne kabla ya mwisho wa kupokea maombi, tukakesha tukiijaza, tukaiwasilisha saa za mwisho, na jibu likaja kwa sentensi moja tu: gharama hazioani na shughuli zilizoelezwa. Naomba wenye uzoefu wanieleze mambo mawili. Matangazo ya ruzuku hizi hutolewa wapi, ili tusiwe tunayapata yakiwa yamebakiza siku chache? Na sentensi ile tuliyojibiwa ina maana gani?

Jibu la kwanza

Ndugu katibu, barua yenu ya kwanza haikujibiwa pengine kwa sababu iliwafikia watu wasiokuwa na fedha hizo mkononi. Katika nchi nyingi serikali kuu haigawi ruzuku za maendeleo ya jamii kwa kikundi kimoja kimoja, bali huzishusha kwa mamlaka za ngazi ya chini, na hizo ndizo zinazotangaza, kupokea maombi na kuyachambua. Mfano mzuri ni mpango wa Marekani wa ruzuku za maendeleo ya jamii ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1974: wizara inayoshughulikia makazi huzigawa fedha hizo kwa majimbo, miji na kaunti, kwa hiyo kikundi cha mtaani hupeleka maombi yake kwenye mji au kaunti yake. Ruzuku ambazo serikali kuu ya nchi hiyo inazitangaza yenyewe zinapatikana kwenye tovuti moja, Grants.gov. Kwa hiyo, kabla ya kuandika chochote, ulizeni mfuko mnaoulenga unasimamiwa na ngazi ipi.

Kuhusu kuchelewa kupata tangazo, dawa yake ni kuisoma bajeti. Tangazo huja miezi kadhaa baada ya fedha kupitishwa, na kifungu cha fedha hizo huwa kimekwisha kuonekana kwenye kitabu cha bajeti, ambacho mwananchi ana haki ya kukiomba ofisini pale ambapo hakijawekwa mtandaoni. Ombeni pia orodha ya vikundi vilivyopata ruzuku miaka iliyopita na kiasi kilichotolewa kwa kila kimoja. Orodha hiyo itawaambia mambo ambayo tangazo halisemi, kwa mfano kwamba mfuko fulani haujawahi kutoa hata nusu ya kiasi mnachokihitaji.

Wakati mnasubiri, kamilisheni nyaraka zisizotegemea tangazo lolote: hati ya usajili iliyo hai, katiba ya kikundi, akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, na mukhtasari wa mkutano ulioupitisha mradi, ukiwa na majina na saini za waliohudhuria. Huko Marekani taasisi inayoomba fedha kwa serikali kuu hulazimika kwanza kujisajili kwenye mfumo wa SAM.gov na kupewa namba ya utambulisho, na usajili huo unaweza kuchukua wiki kadhaa; anayeuanza siku nne kabla amekwisha kuchelewa. Usajili huo ni bure, na popote mlipo mtu akiwadai ada ili "aisukume" fomu yenu, jueni kwamba mmekutana na tapeli.

Neno moja la pembeni: someni vizuri kama fedha inayotangazwa ni ruzuku au ni mkopo. Tanzania, kwa mfano, ina fedha za asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa ajili ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hazina riba, lakini hurejeshwa.

Jibu la pili

Nimewahi kukaa kwenye kamati ya kuchambua maombi kwa misimu miwili, kwa hiyo nitajibu lile swali la sentensi moja. Mchambuzi haisomi fomu yenu kama barua. Mbele yake kuna jedwali la alama, na kazi yake ni kukitafuta kila kigezo ndani ya maandishi yenu. Asipokiona, anaweka sifuri na kuendelea. Huruma haina safu kwenye jedwali hilo.

Gharama zisizooana na shughuli ni kosa nililoliona kuliko jingine lolote. Naikumbuka fomu moja iliyoeleza kwa ufasaha kabisa kwamba bomba litalazwa kwenye mtaro wa mita 600, lakini mchanganuo wa gharama ulinunua mabomba 75 ya mita 6, yaani mita 450. Hakukuwa na viungo wala koki, ila palikuwa na mstari mmoja mnono ulioandikwa "vifaa mbalimbali". Mwombaji angepiga hesabu kwa kalamu angeona kwamba anahitaji mabomba 100, viungo vyake, na ziada kidogo kwa ajili ya vipande vitakavyokatwa. Sisi tulijiuliza zile mita 150 zitatoka wapi, na fomu haikuwa na jibu.

Chukueni orodha ya shughuli zenu, na mbele ya kila moja andikeni inahitaji nini, kiasi gani, kwa bei gani na kwa siku ngapi. Ambatisheni ankara kifani, yaani karatasi za bei ambazo muuzaji huzitoa kabla ya kununua, za wauzaji watatu. Nguvukazi ya wanachama nayo ihesabiwe, kwa sababu mifuko mingi hudai mchango wa jamii: watu 20 wakichimba kwa siku 15 ni siku 300 za kazi, na zinathaminiwa kwa kiwango kinachotambuliwa na mamlaka husika. Msiandike tu kwamba "jamii itashiriki kikamilifu".

Mwuliza swali

Nawashukuru sana. Jana usiku niliitoa nakala ya fomu yetu na kuisoma kwa macho hayo. Maelezo yanasema matangi mawili, gharama zina tangi moja, na posho za viongozi peke yake zimechukua sehemu ya tano ya fedha zote. Nimeona aibu, lakini sasa nimeelewa. Swali la mwisho: kuna mtu anayejitolea kutuandikia andiko, naye adai asilimia 10 ya fedha tukifanikiwa. Tukubali?

Jibu la tatu

Hapana, ndugu. Miongozo ya ruzuku kwa kawaida hairuhusu fedha za mradi kulipia kazi iliyofanyika kabla ya mkataba bila idhini ya mtoaji, kwa hiyo asilimia hizo mtazilipa kwa kuficha kwenye hesabu, na mkaguzi atazikuta. Zaidi ya hayo, siku wakaguzi watakapokuja kukitazama kisima, watakaoulizwa maswali ni ninyi. Mlipeni mtu ujira wa kawaida wa kuhakiki hesabu na lugha, kutoka mfukoni mwa kikundi, kisha basi.

Angalieni pia jinsi fedha zinavyotolewa. Ruzuku nyingine hurejesha gharama baada ya ninyi kununua na kuleta stakabadhi, na kikundi kisicho na akiba kinaweza kushinda ruzuku ya aina hiyo kikashindwa kununua hata bomba la kwanza.

Kuna jambo moja ambalo hamkulitaja mahali popote, nalo naona ndilo lenye nguvu kuliko yote mliyonayo. Kisima mmekitunza kwa miaka 3. Nani analipia vipuri pampu inapoharibika? Kama mna daftari la michango ya kila mwezi na stakabadhi za fundi, toeni nakala na mziambatishe kwenye sehemu ile inayouliza mradi utaendeshwaje baada ya ruzuku kwisha, maana wengi hujaza hapo ahadi tupu.