Kubashiri mechi na kulinganisha waimbaji wa jukwaani: pointi ziingieje kwenye jedwali moja?

Kipenga
Wakuu, salaam. Kundi letu ni watu 8. Kila wiki tunabashiri mechi 10 za Ligi Kuu ya Uingereza: pointi 3 ukipata mabao kamili, 1 ukipata mshindi au sare tu. Jumapili usiku tunalinganisha waimbaji wa maigizo ya muziki. Sasa tuko kwenye "Bring Him Home" ya Les Misérables, tunatoa alama 1 hadi 10. Kwenye mpira karibu wote wanaandika 2-1 kwa mwenyeji, kwenye muziki alama zote ni 8 au 9. Tukijumlisha, mpira unameza muziki. Tufanyeje?

Mizani
Mkuu, achaneni na mabao kamili, hapo bahati inalipwa kuliko ujuzi. Kila mtu aandike uwezekano wa matokeo matatu, jumla iwe 1. Mfano: mwenyeji 0.50, sare 0.30, mgeni 0.20. Mwenyeji akishinda, kosa lako ni (1 - 0.50)² + 0.30² + 0.20² = 0.38. Kosa dogo ndilo zuri. Aliyejiamini akaandika 0.90, 0.05, 0.05, kisha mgeni akashinda, anabeba 1.715. Hapo ndipo ushabiki unapoumiza.

Kama hamjui pa kuanzia, chukueni odds za kampuni ya kubeti. Kwa 2.00, 3.50 na 3.80, gawanya 1 kwa kila moja: 0.500, 0.286, 0.263. Jumla ni 1.049, hiyo ziada ni faida ya kampuni. Gawanya kila moja kwa 1.049, unabaki na 0.477, 0.272, 0.251. Na msimpe mwenyeji ziada kwa mazoea: msimu wa 2020/21, viwanja vikiwa vitupu karibu msimu mzima, wageni walishinda mechi 153 na wenyeji 144.

Sauti_ya_Nne
Kwenye muziki, alama za 1 hadi 10 hazifai. Sikilizeni wawili wawili na kuchagua mmoja. Waimbaji 4 wanatoa jozi 6.

Kateni kipande kilekile cha sekunde 40 kwa kila mwimbaji, msawazishe ukubwa wa sauti wa vyote kwenye Audacity (programu ya kuhariri sauti) hadi -23 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika. Hii msiiruke, maana hata tofauti ya desibeli 1 inafanya rekodi yenye sauti kubwa ionekane bora. Vipeni namba badala ya majina.

Pia msichanganye rekodi za mazingira tofauti. Colm Wilkinson wa ukumbi wa Royal Albert Hall 1995 na Alfie Boe wa ukumbi wa O2 2010 wanalinganika, yote ni matamasha ya moja kwa moja. Hugh Jackman kwenye filamu ya 2012 aliimba mbele ya kamera akisikia piano sikioni, okestra ikaja kuongezwa baadaye. Huyo mpeni kundi lake.

Cha kusikiliza: wimbo unaanza kwa kuruka oktava nzima (kutoka noti ya chini hadi ileile ya juu), na ni sala, kwa hiyo noti ya juu inatakiwa iwe laini. Sauti inaelea au inasukumwa? Boe amesomea opera, Wilkinson ametokea kwenye roki. Msiwapime kwa ukubwa wa sauti, sikilizeni wanavyotoka sauti ya kifua (nzito) kwenda ya kichwa (nyepesi, ya juu) bila mshono kusikika. Hapo ndipo wimbo huu unapowaangusha wengi.

Mizani
Sasa kuunganisha. Kabla ya kusikiliza, kila mtu abashiri kundi litachagua nani katika kila jozi, mfano 0.70 na 0.30. Ukipatia, kosa ni 0.18; ukikosea, 0.98. Anayekisia tu bila kujua anapata 0.667 kwenye mechi na 0.50 kwenye jozi. Basi wastani wa mtu kwenye mechi ugawe kwa 0.667, wa nyimbo kwa 0.50, kisha chukua wastani wa hizo mbili. Chini ya 1 anajua kitu.

Kipenga
Na mtu akimpigia kura mwimbaji aliyembashiri? Wilkinson anatambulika hata bila jina.

Mizani
Unapokokotoa kosa la mtu, ondoa kura yake mwenyewe. Zinabaki kura 7, na kwa 7 hakuna sare.