Tupeane uzoefu: mtoto wenu alijigaragaza akidai nini?

Mama Mdogo wa Katubuka

Ndugu zangu wa Kigoma, na majirani wa Tabora mnaopenda kutusikiliza, katika kila familia ninayoijua kuna mtoto aliyewahi kujibwaga chini na kugaagaa mbele za watu kwa sababu ambayo mpaka leo hakuna mtu mzima aliyeielewa vizuri. Naomba tusimuliane habari hizo. Sharti langu ni moja tu: msimulizi aeleze mtoto alikuwa anadai nini hasa, maana kilio chenyewe sote tunakifahamu na hakina jipya, ilhali madai ndiyo yanayochekesha.

Nianze na mtoto wa dada yangu, ambaye wakati huo alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Tulikwenda naye Kibirizi asubuhi kununua dagaa, tukamkuta mama mmoja amekwisha kuwatandaza ili wakauke. Mtoto aliwatazama kwa muda, kisha akaanza kulia kwamba wamelazwa bila kufunikwa. Dada alipomweleza kuwa dagaa hawasikii baridi, ndipo alipojitupa mchangani, akakivuta kitenge cha mama yake kiunoni na kudai wafunikwe wote, hali wenyewe wametandazwa tangu pale tuliposimama hadi karibu na maji. Yule muuza dagaa, ambaye nadhani alikuwa amelea wengi, hakucheka wala hakumkaripia. Alimwambia, "Mjukuu wangu, hawa hawajalala, wanaota jua. Wakitaka kulala nitawafunika mwenyewe." Mtoto akanyamaza, akauliza kama wamekunywa uji, akaambiwa wamekunywa.

Tulidhani yamekwisha. Jioni, chungu kilipotengwa, alikifunika kwa kanga na kumkataza baba yake asiwaamshe. Shemeji yangu alikula ugali kwa mchicha.

Mjomba wa Gungu

Wa kwangu alichagua treni. Tulikuwa tunakwenda Dar es Salaam, daraja la tatu, na pale Uvinza mama yake alimnunulia ndizi mbivu dirishani. Treni ilipoondoka, mtoto akagundua kwamba stesheni imebaki. Naomba mnielewe: hakuwa analilia ndizi, kwani alikuwa nayo mkononi, wala hakuwa anamlilia aliyemuuzia. Alikuwa anataka stesheni ipande tuondoke nayo.

Abiria walianza kutoa ushauri, kama ilivyo desturi ya safari ile ndefu. Mmoja alisema ni njaa, mwingine akasema ni usingizi, na wa tatu akatuuliza, kwa ule upole unaochoma, kama huko kwetu miti haitoi fimbo. Mke wangu alimjibu kwamba miti ipo ila mikono yetu ina kazi nyingine, jibu ambalo mpaka leo naliona zuri kuliko lolote ambalo ningelitoa mimi. Tulipofika Nguruka, sauti ya mtoto ilikuwa haijapungua hata kidogo.

Hapo bibi mmoja aliyekuwa anakwenda Urambo, ambaye muda wote alikuwa kimya akitafuna karanga, alijifunika kanga usoni akaanza kulia kwa sauti kubwa kuliko ya mtoto, akilalamika kwamba naye ameacha nyumba yake Kigoma, ameisihi ipande, nayo imekataa. Mwanangu alinyamaza papo hapo. Alimsogelea, akampa ile ndizi iliyokuwa imekwisha kupondeka kwa kubanwa, na akamwambia, "Nyamaza bibi, itakuja kesho." Walikaa pamoja hadi Urambo, ambako bibi aliteremka na sisi tukaanza upya, kwa sababu safari hii kulikuwa na stesheni pamoja na bibi wa kupakia.

Shemeji wa Kasulu

Yangu ni fupi. Binti yetu alimega tonge la ugali wa muhogo, kisha akadai lirudishwe mahali lilipotoka. Mama mkwe alilibandika, akalilainisha kwa mwiko uliolowa maji mpaka pakawa hapaonekani, lakini mtoto alipakumbuka na kupaonyesha kwa kidole huku akilia. Ikabidi usongwe mwingine. Ulipokuwa tayari, yeye alikuwa amekwisha kulala mkekani, na wageni wakapata ugali wa pili bila kutarajia.

Baba Mkubwa wa Mwanga

Mimi namsimulia marehemu baba yangu zaidi kuliko mtoto, maana yeye ndiye aliyepata tabu. Kijana wangu alipokuwa na miaka mitatu na kitu, alipelekwa na babu yake bandarini kuitazama MV Liemba. Meli ikapiga honi, mtoto akafurahi, akataka ipige tena. Haikupiga. Akalala chifudifudi njiani, na watu wakawa wanampita kwa pembeni na mizigo yao vichwani.

Mzee alianza kwa kuiga honi yeye mwenyewe, lakini mtoto akasema hiyo ni ya ng'ombe. Basi akaamua kumpumbaza kwa hadithi, na hadithi aliyokuwa nayo ilikuwa ya meli ileile: kwamba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande na kuungwa hapahapa Kigoma, kwamba wakati wa vita, mwaka 1916, Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isiangukie mikononi mwa adui, na kwamba Waingereza walikuja kuiopoa mwaka 1924. Hakufika kwenye kuopolewa. Mtoto aliposikia kuzamishwa, alisahau honi kabisa akaanza kuililia meli, akiuliza kwa kwikwi ni nani aliyeifuta maji. Mzee, ambaye hakuwa mtu wa kusema uongo hata kwa mtoto, alishindwa kumtaja aliyeifuta. Walirudi Mwanga mjukuu akiwa mgongoni na babu akiwa ameahidi kwamba kesho wataipelekea taulo. Kesho yake taulo ilidaiwa tangu alfajiri.

Jirani wa Tabora

Nyinyi watu wa Kigoma mnalea mawakili. Nafanya kazi kliniki ya watoto, na kila wiki nawaeleza wazazi jambo lilelile: kati ya mwaka mmoja na minne mtoto huwa anataka mambo mengi kuliko maneno aliyonayo ya kuyaomba, na hasira humzidi akiwa na njaa au usingizi, kwa hiyo wamlishe, wamlaze, na wasibishane naye. Nayasema hayo nikiwa na uso mkavu, kwa sababu wazazi hao hawajui yaliyotukuta kwenu Ujiji.

Tulikuwa tumekuja kwa arusi ya ndugu, na siku iliyofuata tukaenda kuitazama ile makumbusho inayohusu kukutana kwa Livingstone na Stanley mwaka 1871. Humo ndani kulikuwa na sanamu zao mbili, ukubwa wa mtu, zimesimama zikisalimiana. Binti yangu alikuwa ndiyo kwanza amefundishwa kuamkia, na alikuwa anamwamkia kila mtu mzima aliyempita, hata wale waliokuwa ndani ya magari. Akaenda moja kwa moja kwa mzungu wa kwanza, akasema, "Shikamoo." Kimya. Akarudia kwa sauti zaidi. Kimya tena. Akatugeukia, midomo inatetemeka, akatuuliza kwa nini babu huyu haitikii, na kabla hatujajibu alikuwa yuko sakafuni anapiga visigino.

Mama yake alimwambia ni sanamu. Mimi nikamwambia wazee hawa hawajui Kiswahili, jambo ambalo hata si kweli, maana wote wawili walitembea na watu wa kwetu miaka mingi. Hakuna lililosaidia, kwa sababu alikuwa ameambiwa nyumbani kwamba mtu mzima akiamkiwa lazima aitikie, na sisi ndio tuliomwambia. Wageni wengine waliokuwapo walianza kututazama.

Ndipo mjomba wake, mtu wa makamo mwenye heshima zake na aliyevaa kanzu ya arusi, alipopita polepole nyuma ya sanamu, akainama, akakohoa kidogo na kuitikia kwa sauti nzito, "Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?" Binti akainuka, akajifuta machozi kwa gauni, akajibu kwamba hajambo. Kisha akamgeukia yule wa pili na kumwamkia. Mjomba alilazimika kuzunguka upesi, kanzu ameishika kwa mikono miwili, na safari hii akabadilisha sauti.