Sanduku la bati la Babu

Kikundi: UKOO WA CHUMBAGENI 🌴

Zuhura: Asalaam aleikum. Leo nimefungua sanduku la marehemu Baba. Mchwa wamegusa kona moja tu, alhamdulillahi. Kesho saa mbili fundi rangi anaingia chumba kile, semeni mapema nani anataka kitabu gani, nisije nikawapa wauza karanga wafungie.

Hamisi: Waaleikum salaam dada. Niwekee vya maendeleo binafsi. Hizo hadithi hadithi wagawie wengine.

Zuhura: Kipo cha Dale Carnegie, kile cha kupata marafiki na kushawishi watu, jalada limebanduka. Baba kakipigia mistari kwa kalamu nyekundu mpaka kama ukurasa wa 30. Baada ya hapo nyeupe peee.

Mwanaidi: 😂😂 Babu alichoka

Hamisi: Alikwisha kuelewa. Kitabu cha 1936 na mpaka leo kinauzwa, mnadhani bure?

Mwanaidi: Shikamoo Mjomba. Sibishi, ila kila nikikutana na kingine naona ni kilekile kimevishwa jalada jipya. Mama, tamthilia zipo?

Zuhura: Juliasi Kaizari ya Shakespeare, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, chapa ya 1969. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Na riwaya ya Kuli ya Adam Shafi, hii imepoteza ukurasa wa mwisho.

Mwanaidi: Zote tatu zangu!! Mjomba, ukitaka kujua watu wanavyoshawishiwa soma pale Antony anaposimama kwenye maiti ya Kaizari. Anamsifu Brutus, aliyeshiriki kumuua, anamsifu tena, na kila akimsifu watu wanazidi kumchukia. Carnegie anakupa kanuni. Huku unauona umati unageuka, nawe umo humohumo

Hamisi: Marahaba. Sasa hiyo itanisaidia nini kazini?

Mwanaidi: Si ulisema bosi wenu siku hizi anamsifu sana naibu wake kwenye vikao 👀

Hamisi: Ngoja kwanza

Hamisi: Kaizari nami nitaazima.

Zuhura: Kinjeketile tuliigiza shuleni. Mimi mwanakijiji, sina hata neno moja, kazi yangu kunyunyiziwa yale maji ya dawa ya Vita vya Maji Maji. Tulikuwa tunacheka tu. Halafu mwishoni Kinjeketile anabanwa aseme maji yalikuwa uongo, anakataa, ukumbi mzima kimya. Nikarudi nyumbani nikamwuliza Baba, kwa nini asiseme tu? Akaniambia nikisome tena nikishakuwa na watoto. Nimekisoma. Bado namjadili.

Salum: Shikamoo Shangazi. Hakuna kitabu kidogo cha picha humo?

Hamisi: Picha gani?

Zuhura: Marahaba mwanangu. Kipo, Naruto cha kwanza. Nilidhani kimechapwa vibaya, jalada liko nyuma.

Salum: Hakijakosewa. Manga, katuni za Kijapani, unaifungua kama msahafu, kutoka kulia. Hata vile vichumba vya picha, unaanza cha juu kulia unashuka

Hamisi: Salum, si nilikataza makatuni nyumbani kwangu?

Salum: Ndiyo Baba. Ndiyo maana nilikipeleka kwa Babu

Mwanaidi: 🏃🏾‍♀️🏃🏾‍♀️

Salum: Na Baba, kile cha Samuel Smiles cha kujiendeleza, Self-Help, unachokitaja kila siku, cha 1859, Wajapani walikitafsiri 1871 wakakisoma mno. Naruto naye ni yatima, kijiji kizima kinamdharau, anajituma aje awe kiongozi wao. Mbona kama tunasoma kitu kimoja

Hamisi: Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Zuhura: Ngojeni. Baba kaandika humu ndani.

Zuhura: [Picha]

Zuhura: Kwa penseli. Kila kichumba kakitia namba, 1, 2, 3, kutoka kulia kwenda kushoto. Kwenye nne kakosea, kafuta, kaandika upya.

Mwanaidi: Mpaka mwisho???

Zuhura: Namba zinakoma ukurasa wa 21.

Mwanaidi: Kachoka tena kama kwa Carnegie

Zuhura: Hapana, alishazoea. Ukurasa wa mwisho kabisa kaandika, "Salum, cha pili kiko wapi?"

Salum: Ninacho

Salum: Nilikuwa nimpelekee likizo ya Desemba

Mwanaidi: 💔

Hamisi: Dada, hicho usimpe mtu. Nakuja kukichukua mwenyewe.

Zuhura: Na Carnegie?

Hamisi: Nacho. Nataka nione pale alipoishia.

Zuhura: Haya, uje kabla ya saa mbili. Salum, na wewe kile cha pili njoo nacho, miwani yangu bado inaona.