Tupeane uzoefu: umeibadilishaje modeli yako kubwa ya ndege ya abiria mpaka ikafanana na ya kweli?

BawaLaKushoto (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Najua tupo wachache tunaokesha na msasa huku nyumbani wanatuona tumepotea, basi leo tujitokeze. Bei sitaki kuzisikia. Nataka kusikia ulichokata, ulichoziba na ulichoharibu.

Naanza mimi. Nina Boeing 737-200 ya skeli ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ya kweli, ipo juu ya meza ya chakula tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Urefu ni sentimita 42 na ushee, na kutoka ncha ya bawa hadi ncha ni karibu 40. Nataka iwe ile ya Air Tanzania ya zamani, 737-2R8C, zilizokuja mwishoni mwa miaka ya 1970. Hiyo C ya mwisho ndiyo iliyonitesa. Ni ndege ya kubadilishwa, leo abiria kesho mizigo, kwa hiyo ubavu wa kushoto, mbele ya bawa, ina mlango mkubwa wa mizigo. Boksi langu la vipande vya kuunganisha halikuwa nao. Nikauchora kwa penseli, nikabandika utepe mgumu kandokando ya mstari uwe reli, nikapitisha sindano ya kushonea taratibu, mara kumi, mara ishirini, mpaka mfereji ukakubali. Kwenye kona ya tatu mkono ukateleza. Kovu nimeliziba kwa pati, ila mimi nalijua lilipo.

Kazi hasa ni flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa ndege ikitua. Za 737-200 ni za tabaka tatu, na zikishuka zinaachiana nafasi kama vioo vya dirisha la luva. Kwenye boksi ni mstari tu umechorwa. Nikachukua wembe nikalikata bawa la kushoto, nikachonga tabaka moja moja kutoka kwenye kadi za benki zilizokwisha muda, nikazisugua ukingo wa nyuma mpaka ukawa mwembamba kama ukucha. Wiki sita kwa bawa moja! La kulia bado halijaguswa, na kila nikilitazama nakumbuka nina shughuli nyingine.

Nyie je?

KijanaWaEmbakasi

Niaje wadau. Yangu si kubwa hivyo, ni Boeing 787-8, Dreamliner, ya 1/144, sentimita 39 hivi, lakini kisa ninacho. Nilitaka ya KQ, Kenya Airways, hizi zilizoanza kuja 2014. Nimeshabandika bodi ndipo nikahesabu mapanga ya feni ya injini: 20. KQ wanatumia injini za General Electric, GEnx, na feni yake ina mapanga 18. Ishirini ni za Rolls-Royce Trent 1000. Kumbe nina jamaa Dar anajenga 5H-TCG (ndiyo namba ya usajili), Dreamliner ya kwanza ya ATCL, yaani Air Tanzania, ile ya Julai 2018, na hiyo ndiyo inayobeba Trent. Yeye boksi lake lilikuwa na za General Electric! Tukabadilishana. Injini zangu zilienda Dar kwa basi ndani ya kopo la Blue Band, zake zikaja kwa njia hiyo hiyo, na kondakta aliuliza mara mbili kama ni dawa.

Sasa kosa langu. Rangi nyeupe nilinunua ya magari, nikaichanganya na thina ya gereji, nikapuliza moja kwa moja kwenye plastiki bila praima. Nilipotoka kunywa chai na kurudi, madirisha ya upande mmoja yalikuwa yameyeyuka yakawa kama nta ya mshumaa. Plastiki ya modeli haiwezani na thina kali. Nilianza bodi upya.

BiGundi

Mwenye ndege ni mwanangu, mwenye subira ni mimi. Tuko Maskati.

Madirisha ya abiria msiyabandike stika nyeusi, yanakuwa kama macho ya mdoli. Yatoboeni, halafu chukueni gundi nyeupe ya mbao kwa kijiti cha meno, zungusheni ukingoni mwa shimo kisha vutieni katikati. Inafunga utando. Ikikauka inakuwa angavu kama kioo. Kwenye 1/72 shimo la milimita tano linafungika bila taabu, ila zimeni feni kwanza. Kwa ndani pakeni kijivu cha giza, kwa sababu ukiwa uwanjani mchana ukitazama dirisha la ndege huoni weusi mtupu.

Na acheni mengine yakiwa yamefungwa kipazia nusu. Abiria wa kweli hulala. (787 haihesabiki hapo, ile haina kipazia, kioo chake chenyewe ndicho hufifia.)

ChubwiMbili

Mie wa Tanga, nina Super VC10 ya East African Airways. Wenye umri wanaikumbuka: injini nne za Conway zote mkiani na mkia wenyewe umepanda juu kama herufi T. Shirika lilikuwa nazo tano, 5X-UVA, 5H-MMT, 5Y-ADA, 5X-UVJ na 5H-MOG, za nchi tatu chini ya nembo moja. Lilivunjika 1977. Mimi nilichagua 5H-MMT. UVA sikuitaka, ile iliyoangukia Addis Ababa Aprili 1972. Siwezi kuiweka sebuleni.

Tatizo la VC10 unalijua siku ya kuisimamisha. Nimemaliza kila kitu, nimebandika miguu, nimeita watu, nimeiweka mezani... ikakaa kitako, pua juu, kama mbuzi aliyegoma. Uzito wote uko nyuma. Ikabidi nitoboe sehemu ya kuingilia gurudumu la mbele na kusukumia chubwi za kuvulia samaki humo, moja baada ya nyingine, kwa kibanio cha nyusi cha mke wangu. Ziliingia nne. Siku hizi kabla sijafunga bodi ya ndege yoyote naisimamisha kwa utepe kwanza, chubwi zangu pembeni.

MsasaNamba600

Nisiwakatishe tamaa, lakini wengi mnaharibu kwa kuongeza, wala si kwa kupunguza. Mfereji wa robo milimita kwenye 1/144 maana yake ndege halisi ina ufa wa sentimita tatu na nusu. Utapanda hiyo? Halafu mtu anajazia wino mweusi kila mfereji, ndege ya abiria inatoka kama meli ya mkaa. Ndege za abiria huoshwa. Uchafu wake una mahali pake: nyuma ya bomba la moshi la mkiani, kuzunguka miguu, chini ya tumbo mafuta yanapotiririka kurudi nyuma, na kwenye ukingo wa mlango wa mizigo ambako makontena hugonga.

Nyeupe tupu nayo ni kali mno kwa kitu kidogo. Tone la kijivu litoshe.

FundiWaya

Mimi ni mtu wa taa. 737-800, taa za LED ndogo ncha za mabawa, nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma, na nyekundu za kumweka juu na chini ya bodi. Waya nimetumia wa koili ya spika iliyokufa, mwembamba kama unywele, unapita ndani ya bawa bila shida. Jambo moja: kabla ya kufunga bodi paka ndani rangi nyeusi tabaka mbili, kisha washa taa ukiwa gizani. Mimi sikufanya hivyo, na ndege nzima iling'aa kama papai lenye tochi ndani.

Sasa hivi ipo kabatini, ngazi ya abiria mlangoni, mlango wazi, taa zote zinamweka. Wageni wanapenda.

MzeeWaRampu

Vijana, nimewasoma tangu juzi. Nilifanya kazi kwenye maegesho ya ndege miaka 31, kupokea na kuruhusu. Modeli sijawahi kujenga hata moja, mikono inatetemeka. Ila nina swali moja kwa kila mmoja wenu: ndege yako iko saa ngapi?

FundiWaya, taa nyekundu ya kumweka ikiwaka, sisi tulikuwa tunakaa mbali. Maana yake injini zinazunguka au ziko karibu kuwashwa. Ngazi imewekwa, mlango wazi, na hiyo taa inamweka? Ungefukuzwa kazi siku hiyo hiyo.

Kijana wa 787, umeacha milango yote mikubwa ya magurudumu ikining'inia? Kwenye ndege kubwa nyingi ile mikubwa hufunguka mguu ukipita, kisha hujifunga tena. Ukiikuta wazi uwanjani, kuna fundi chini yake. Lakini 737 ya mwenye mada haina milango hiyo kabisa, matairi yake makubwa yanaonekana kutoka chini hata ikiwa angani. Hapo boksi lake halijakosea.

Na wewe, BawaLaKushoto. Ndege ikishaegesha, flapu hupandishwa. Iweje zako zimeshuka na ndege imesimama mezani? Tena zimeshuka upande mmoja! Zile hushuka pamoja, zikitofautiana mfumo unazisimamisha. Bawa moja chini na jingine juu, rubani haegeshi, rubani anaomba.

FundiWaya

Mzee shikamoo. Nimezima taa.

KijanaWaEmbakasi

😂😂 "rubani anaomba". Mzee, milango nimeng'oa usiku huu, naibandika imefungwa. Asante sana.

ManilaMinnesota

Niko baridini huku. Wanaolalamika kwamba maboksi ya skeli kubwa hayapatikani, mtafuteni Luca Iaconi-Stewart wa San Francisco. Alianza 2008 akiwa bado sekondari, akajenga 777-300ER ya Air India kwa skeli ya 1/60 kwa karatasi za faili za manila. Viti vya abiria, miguu inayokunjika, injini, vyote karatasi. Kwa skeli hiyo ndege inakaribia mita moja na robo. Mimi baada ya kuiona niliacha kununua vipande vya ziada. Viti 12 vya daraja la kwanza nimevikata kwa faili kuukuu la ofisini, kiti kimoja jioni moja. Supagluu nyembamba ukiidondoshea manila inakuwa ngumu kama plastiki, unaweza kuipiga msasa.

BawaLaKushoto (mwanzisha mada)

Mzee wangu, shikamoo. Nimekaa na swali lako siku tatu. Nilikuwa nimeshachonga ngazi, nimeshaandaa mlango wa mbele uwe wazi. Nimechagua hivi: ndege inatua. Flapu chini zote, kwa hiyo bawa la kulia nalo linakatwa, hakuna namna. Mlango umefungwa. Ngazi nimempa BiGundi kwa ajili ya mwanawe. Ndege itakaa juu ya fimbo ya shaba, pua imeinuka kidogo.

MzeeWaRampu

Marahaba. Hapo sawa. Na matairi?

BawaLaKushoto

Nilishayasugua kwa chini yakae bapa, kama yamebeba uzito.

MzeeWaRampu

Angani yanabeba uzito wa nani?

BawaLaKushoto

...Nimeyang'oa, mzee. Natengeneza mengine.

MzeeWaRampu

Na miguu irefushe kidogo. Ikiwa hewani haijabanwa, ule mkono wa kung'aa unaonekana mrefu. Kwa kipimo chako ongeza milimita nne, tano hivi.

ChubwiMbili

Ikiwa kwenye fimbo huhitaji uzito puani. Nilikuwa nimekuwekea chubwi mbili, basi narudi nazo baharini.